Kovu la Shavu la Kulia

Hakukata.

Najua wengine mmekaa wiki nzima mnagombana majumbani: kakata, hajakata. Mkasi ulikuwa umeshaachama, kipande cha filamu kimeshaingia katikati ya makali, Lenzi alipolifungua pazia zito la chumba cha giza cha studio ya picha na kupiga ukelele.

"Baba! Weka mkasi chini!"

Mzee Flashi hakuweka. Hakugeuka pia.

"Toka humu, mwanangu. Nasafisha takataka."

"Takataka gani hizo za kujifungia nyuma ya pazia?"

"Nimesema toka."

Basi binti akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alimshika baba yake kifundo cha mkono, akakibana mpaka mkasi ukaanguka sakafuni. Filamu akaichukua kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa na mzee huyo huyo, akatoka nayo mpaka chumba cha mbele kwenye mwanga.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza, na gazeti hili umelikuta kwa kinyozi ukisubiri zamu, sogea nikupe kwa ufupi. Wenzako watatuvumilia.

Tunazungumzia kesi ya Sauti ya Asali, mtangazaji aliyekuwa akisoma salamu za wasikilizaji kila asubuhi. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, Jumamosi moja, aliaga kwa dada yake kwamba anakwenda kazini. Kazini hakufika. Hajaonekana hai, wala hajaonekana maiti.

Mwezi uliopita redio yake ya zamani iliwauliza wasikilizaji: kati ya kesi zote zilizoishia hewani, ipi mngependa mjue mwisho wake kabla hamjafa? Simu zikamiminika. Wapo waliotaja kombe la taifa lililoibwa kabatini. Wapo waliotaja moto wa ghala la pamba. Bwana mmoja alitaja baiskeli yake. Lakini wengi, wengi kupita kiasi, walisema: Sauti ya Asali. Makao makuu ya polisi yakaona haya, yakatangaza kwamba faili litafunguliwa upya.

Huyo Sauti ya Asali ni mama mdogo wake Lenzi. Ile picha yake iliyobandikwa kwenye kila nguzo, ambayo kila mtu mwenye umri wa kuamkiwa anaikumbuka, ilipigwa katika studio hii, na Mzee Flashi mwenyewe, shemeji yake. Inspekta Kobe, mstaafu aliyeongoza upelelezi wakati ule, alimwomba Lenzi amtafutie filamu ya picha ile na kumpa yeye mkononi, "kabla vijana wa makao makuu hawajaja kuvuruga." Atapita kuichukua leo mchana. Lenzi ameitafuta wiki nzima, na baba yake aliapa mbele ya familia kwamba iliungua zamani.

Na sasa tumemkuta nayo. Na mkasi.

Dada mmoja anayeuza vocha karibu na ofisi yetu alinisimamisha juzi akaniambia muuaji ni shemeji mtu, na kwamba mimi mwandishi namficha. Dada, subiri. Hata Lenzi, dakika hii ninayokusimulia, alikuwa anawaza kama wewe.

Aliinua filamu mbele ya dirisha. Kwenye filamu cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, lakini sura aliijua. Uso mtupu, nywele zimebanwa nyuma, gauni la shingo ya mviringo, na kovu dogo kama ukucha uliokatwa.

Akatazama namba ndogo zilizo ukingoni mwa filamu. Akaigeuza ili namba zisomeke sawasawa, maana hapo ndipo filamu inapomwonyesha mtu kama alivyo. Akaitazama tena sura.

Akageuka ukutani. Bango la polisi bado lilikuwa limetundikwa pale, limekuwa la njano, na chini yake maandishi makubwa: ANATAFUTWA. KOVU DOGO SHAVU LA KUSHOTO.

"Baba. Namba zikisomeka, kovu liko kulia."

Mzee Flashi alikuwa amesimama kwenye pazia, mikono imening'inia.

"Mama mdogo alikuwa na kovu la kulia. Mama alisema! Miaka yote Mama alikuwa anasema!"

"Sauti yako. Mama yako yuko uani anaanika nguo."

"Bango la nchi nzima liligeuzwa, Baba. Nani aliligeuza? Kwa nini umeificha filamu? Mlimfanya nini mama mdogo?"

Wasomaji wangu, kuna maswali ambayo mtoto hamuulizi mzazi ila kamba imekatika kabisa. Mzee alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi humu."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu asiyependa kuingia. Lenzi alishtuka, alikuwa amesahau kwamba jana, baada ya kuikosa filamu, alimtumia ujumbe shahidi wa zamani wa kesi.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniita?"

Aliingia mzee mrefu, ovaroli limejaa grisi, chuma cha kubandulia matairi bado kiko mkononi. Ni fundi wa pancha wa upande wa pili wa mji. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini mji mzima unamwita Mwongo, na yeye mwenyewe ukimwita Mwongo anaitika, maana amechoka kubisha.

Jina hilo lilimpata hivi. Wakati ule alikuwa kijana wa kujaza mafuta kwenye kituo cha mwisho kabla ya kutoka mjini. Alikwenda polisi kwa miguu yake akasema: jioni ile nilimwona yule mtangazaji, kiti cha nyuma cha gari, analia, na taa ya pampu ilimmulika shavu la kulia lenye kovu. Polisi wakatazama bango. Kovu la kushoto. Wakamuuliza mara ya pili, akasema kulia. Mara ya tatu, kulia. Akafungwa mwaka mzima kwa kuwapotosha polisi, na alipotoka, watoto wa mtaani walimwimbia njia ya mwongo fupi mpaka wakakua wakaoa.

Mzee Flashi alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Mzee wangu," Lenzi alisema, "tazama hiki."

Akamweka dirishani, akamwonyesha namba, akamwonyesha sura, akamwonyesha bango. Alieleza haraka haraka, maneno yanakanyagana. Alitegemea mzee atalia, au atapiga vigelegele, au atamshukuru Mungu.

Mwongo hakufanya hata moja. Alitazama filamu kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja.

"Nani aliichapa?"

Uani kilisikika kibanio cha nguo kikianguka kwenye ndoo.

"Binti, nakuuliza wewe uliyeniita. Nani aliichapa picha hii?"

"Mimi," alisema Mzee Flashi.

Lenzi alitaka kumzuia. Hata sasa, na hasira zote zile, alitaka kumwambia nyamaza, Baba, huyu ana chuma mkononi.

"Niliichapa mimi," mzee aliendelea. "Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Uliofifia ndio unaoelekea karatasi. Mwanafunzi wa wiki moja anajua. Siku ile mke wangu analia chumba cha pili, Inspekta amekaa hapo kwenye kiti cha wateja, anataka picha kabla magazeti hayajafunga. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikaigeuza."

"Kwa bahati mbaya," Lenzi alisema upesi.

"Kwa bahati mbaya."

"Na ulijua lini?" aliuliza Mwongo.

Hapo ndipo pabaya.

"Siku ya tatu. Mke wangu aliliona bango akasema huyu si mdogo wangu. Watu wakasema uchungu umempanda kichwani. Mimi nikaja humu nikaitoa filamu, nikaiangalia. Nikaona."

"Siku ya tatu mimi nilikuwa bado sijaenda polisi."

"Najua."

"Ungesema siku ya nne, mimi nisingefungwa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Mzee Flashi alitazama juu ya mlango, palipoandikwa kwa rangi nyekundu PICHA ZETU HAZIDANGANYI. Aliiandika mwenyewe alipofungua studio, na kila miaka kadhaa anaipaka upya.

"Mwanzoni aibu. Fundi mzima nimekosea kama mtoto. Nikasema nitamwambia Inspekta kesho. Kesho yake mabango yakawa yamefika mpaka mipakani. Halafu ikawa hofu. Mimi ndiye niliyempiga picha asubuhi ya siku aliyopotea, mimi ndiye shemeji, mimi ndiye niliyeigeuza. Nani angeamini ni mkono tu ulioteleza?"

"Nilikuona mahakamani," Mwongo alisema taratibu. "Umevaa suti ya kijivu. Hakimu akakuuliza, picha hii ni halisi? Ukasema ndiyo."

"Nilisema nimeipiga mimi."

"Hukuulizwa nani kaipiga!"

Chuma kilipanda juu. Lenzi alijitupa katikati, akashika ovaroli kwa mikono yote miwili. Uso wa Mwongo ulikuwa unacheza wote, kuanzia kidevu hadi nyusi. Mzee Flashi hakukimbia. Alisogea mbele, akasimama mahali ambapo chuma kingemfikia bila shida.

"Mwongo ni mimi," alisema. "Hilo jina ni langu, wewe ulilibeba tu. Nipige, halafu unirudishie."

Mwongo alimtazama kama anayetazama kitu kilichookotwa njiani, hajui akichukue au akiache. Kisha akakiweka chuma juu ya meza, polepole, kando ya kamera.

"Nikurudishie vipi? Mke wangu aliondoka kwa ajili ya jina hilo. Binti yangu alipata mchumba. Wakwe wakauliza baba yake nani, wakaambiwa Mwongo, wakageuza gari. Leo unalitaka wewe, lakini halivuki kwa maneno. Utakwenda kulisema palepale uliponivisha, mbele ya watu."

"Nitakwenda."

"Tutaona."

Mimi nilipofika hapa katika kuandika nilimwonea huruma Mzee Flashi, kisha nikakumbuka watoto wale wakiimba, huruma ikapungua. Tuendelee, maana mlango wa uani umefunguliwa.

"Nani anamtaja mdogo wangu humu?"

Mama Lenzi aliingia na ndoo tupu, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Ni mwanamke mdogo wa umbo, anayetembea kwa tahadhari kama aliyepigwa marufuku kuvunja vyombo. Kwa miaka yote hii mtaa umekuwa ukimsemesha kwa sauti ya chini, ile wanayosemeshwa wagonjwa na watoto.

Alimwona Mwongo. Akaliona bango. Akamwona mumewe, akajua kuna jambo.

"Mama, kaa," Lenzi alisema.

"Sikai. Semeni."

Lenzi hakusema. Aliibandika filamu kwenye kioo cha dirisha kwa utepe, namba zikisomeka, akaipiga kwa simu. Akaingia kwenye kompyuta, cheusi akakifanya cheupe na cheupe cheusi. Mashine ya kuchapia ikaanza kulalamika, ikatoa karatasi kidogo kidogo: nywele, paji la uso, macho. Alimpa mama yake karatasi ingali na joto.

Mama alifuta mikono kwenye kanga kwanza. Kisha akaipokea.

"Ee," alisema.

Akaketi chini, sakafuni, palepale alipokuwa.

"Huyu ndiye. Huyu ndiye mdogo wangu! Tazama jicho, hili la upande huu ndilo dogo. Na hapa," akaligusa shavu kwenye karatasi, "hapa ndipo alipoumia nilipomwangusha ngazini, nimembeba, mimi mwenyewe mtoto. Mama yetu alinichapa kwa kovu hili. Nitalisahauje liko upande gani?" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Niliwaambia! Niliwaambia si yeye. Inspekta akanishika bega akasema, dada, picha haidanganyi."

Lenzi alikuwa amepiga magoti kando yake, analia naye. Hata Mwongo aligeuka akatazama barabarani.

Lakini Mama aliacha kucheka. Aliinua kichwa akamtazama mumewe.

"Nani aliigeuza?"

"Mama Lenzi..."

"Ulijua?"

Mzee Flashi aliinamisha kichwa. Kwa mke wa miaka mingi, hilo ni jibu.

"Ulijua," Mama alisema, sasa kwa sauti ya chini kabisa. "Na kila asubuhi ulikuwa unaniletea vidonge na glasi ya maji. Ukisubiri nimeze. Ukiniambia, jitahidi, mke wangu, utapona. Nilikuwa naumwa nini, Baba Lenzi?"

Lenzi alijikuta anaondoa macho kwa baba yake, maana kumtazama kulimuumiza. Wiki nzima alikuwa ameogopa baba yake asije kuwa muuaji. Sasa alijua siye, na furaha aliyoitegemea haikuja.

Nje gari likasimama. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa bila haraka.

"Ni Inspekta," Lenzi alisema, akijifuta uso. "Afadhali. Tutamweleza yote. Mzee, leo jina lako linasafishwa."

Lakini Mwongo alikuwa ameshachukua chuma chake.

"Mimi na polisi tuliachana zamani. Zungumzeni, mkimaliza mniite." Akaingia nyuma ya pazia la chumba cha giza.

Lenzi alimfuata. "Mzee wangu, huyu si kama wale. Huyu hakuacha kesi hata siku moja. Kila mwaka anatoka mbali kuja kumjulia hali mama yangu. Ulipofungwa hakuwa na la kufanya."

"Sikumwona hata siku moja."

"Nani?"

"Huyo mkubwa wao. Nilihojiwa na vijana wadogo. Nikiomba kuonana na anayeongoza upelelezi, naambiwa ana shughuli. Mahakamani nikasubiri, hakuja."

"Labda kweli alikuwa na shughuli."

"Labda."

Chumba kile hakina dirisha. Walisimama kati ya masanduku ya zamani na mapazia ya mandhari yaliyokunjwa, harufu ya dawa za picha ingali imeshika kuta. Lenzi akauliza swali ambalo, ukifikiri vizuri, lilipaswa kuulizwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

"Aliyekuwa anaendesha gari, ulimwona?"

"Sura, hapana. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nilimsikia tu. Kioo kimeshushwa kidogo, vidole viwili hivi. Niliwaambia wale vijana ninaweza kuitambua sauti ile popote. Wakacheka, wakasema tuambie kwanza kovu liko wapi."

Mlango wa mbele ukalia.

"Hamjambo... humu ndani?"

Kila mtu mtaa huu anajua Inspekta Kobe kapewa jina kwa usemi wake. Huyu bwana haongei, anapima. Anatoa neno moja, anasubiri, kama vile linalofuata liko ghalani na amelituma mtu. Watu humwiga kwenye sherehe, na yeye hucheka nao.

Lenzi alihisi mkono umemkamata bega. Ulikuwa mkono wa mtu anayeinua matairi ya lori kila siku, na ulimbana.

"Ndiyo hiyo," Mwongo alinong'ona.

"Ndiyo nini?"

"Jaza tangi... usitazame ndani." Aliyasema kwa kunong'ona, kwa mwendo uleule, kwa kusubiri kulekule. "Ndiyo hiyo, binti yangu. Haki ya Mungu ndiyo hiyo."

Lenzi alitaka kukataa. Alitafuta la kumtetea mtu aliyembeba mgongoni akiwa mdogo, aliyekaa kwenye kiti cha wateja siku ile ile akihimiza picha itoke. Mtu aliyemfahamu mama mdogo, aliyekuwa akija hapa kunywa chai naye, na aliyejua vizuri kovu liko shavu gani. Alijua hivyo, na bado alimshika Mama bega akamwambia picha haidanganyi.

Na leo anaitaka filamu mkononi, kabla vijana wa makao makuu hawajafika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakusema kwamba kitakuja kila mwaka kukujulia hali.

Upande wa pili wa pazia, sauti ya Mama ilikuwa imepanda kwa furaha.

"Inspekta! Njoo, njoo utazame! Mimi si mgonjwa, Inspekta! Picha iligeuzwa. Mume wangu kakiri kwa kinywa chake. Kovu lilikuwa kulia, kama nilivyosema!"

"Kulia..." alisema Inspekta. "Makubwa. Na filamu... iko wapi, dada?"

"Hiyo hapo dirishani! Na si hiyo tu. Yule kijana wa mafuta alisema kweli tupu. Alimwona mdogo wangu, na kijana mwenyewe yuko hai, na leo hii..."

Lenzi alisogeza ukingo wa pazia, upana wa jicho. Aliwaona wote watatu. Inspekta alikuwa anaibandua filamu kutoka kwenye kioo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Mama alikuwa na karatasi yake kifuani. Na Mzee Flashi, aliyesimama akilielekea pazia, aliona jicho la binti yake.

Lenzi akatikisa kichwa. Akaweka kidole mdomoni. Akamwonyesha Inspekta kwa macho, akatikisa kichwa tena, kwa nguvu, machozi yakiruka.

Mzee huyu amepiga picha za nyuso maisha yake yote. Kusoma uso ndiyo kazi yake. Lenzi aliuona uso wa baba yake ukipauka, akajua kwamba ameelewa.

"Leo hii yuko wapi... dada?" Inspekta aliuliza.

"Yuko humu humu! Ametoka sasa hivi kusimama hapo uliposimama wewe."

Inspekta alitazama meza. Alama ya grisi ilikuwa kando ya kamera, mbichi. Akageuza shingo taratibu kuelekea pazia.

"Mzee Flashi. Kuna mtu... chumbani?"

Kulikuwa na jibu moja tu la kuokoa watu wawili nyuma ya pazia lile, na Mzee Flashi alilijua, maana ndilo alilolitumia miaka yote. Alimtazama mkewe. Kama angekuwa na njia ya kumwomba radhi kwa macho, aliitumia yote.

"Hakuna mtu, Inspekta," alisema. "Usimsikilize. Unaijua hali yake. Tangu jana hajameza vidonge."

Tabasamu la Mama lilibaki usoni kwa muda, kama halijaambiwa. Halafu likaondoka.

"Pole... sana," alisema Inspekta Kobe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kutulia. "Basi mpe apumzike. Mimi nitakuwa... naondoka."

Alishika kitasa cha mlango. Lenzi alishusha pumzi. Mwongo alifumba macho. Hatua mbili zaidi na angekuwa kwenye gari lake.

"Mimi sina wazimu," alisema Mama.

Akavuka chumba, karatasi mkononi, akalishika pazia, akalivuta lote.